Nina shilingi milioni mbili na nusu: nianze na fremu au nianze na mchele?

"Ninaishi Kihonda, Morogoro. Nina miaka 38 na watoto wawili. Nimekuwa mpishi katika shule binafsi na mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Kikoba chetu kimevunja, na nikijumlisha na akiba yangu nina shilingi 2,500,000. Nataka kufungua duka la nafaka, hasa mchele wa Ifakara. Kwa jumla naupata kwa shilingi 2,000 kwa kilo, usafiri na upakiaji ni kama shilingi 100 kwa kilo, na hapa mtaani unauzwa 2,400. Nimepata fremu ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na mpangaji anayetoka anadai kilemba cha 500,000. Fundi amenikadiria 400,000 kwa rafu, kaunta, rangi na bango, na mizani ni 150,000. Shemeji yangu anasema nisajili kampuni kwanza ili nitambulike. Rafiki yangu anataka kunipeleka kwa mkopeshaji atakayenipa 1,500,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10 kwa mwezi, ili duka lijae. Mwenye nyumba ananihimiza, anasema kuna mtu mwingine anaitaka fremu. Naogopa kupoteza fedha hizi maana sina nyingine. Nianzie wapi?"

Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kuandika bei. Wengi wanaotaka kuanza biashara huuliza ni biashara gani inayolipa, na swali hilo halina jibu, kwani biashara ileile inayomlipa mtu mmoja Msamvu inaweza kumfilisi mwenzake aliye mtaa wa pili. Wewe umetaja bei ya kununulia, gharama ya kusafirisha, bei ya kuuzia na kodi ya pango, kwa hiyo tunaweza kukaa na hesabu tukaona fedha zako zitakwenda wapi. Naona unahofia mambo mawili: kwamba fedha zitapotea, na kwamba ukichelewa fremu itachukuliwa na mtu mwingine. Hofu ya kwanza ni ya haki kabisa. Hofu ya pili ndiyo inayowasukuma watu kufanya maamuzi yanayoitimiza ile ya kwanza, na ningependa uiweke pembeni mpaka tumalize hesabu.

Nianze na shemeji yako, kwa kuwa jambo lake ni jepesi. Ana nia njema, lakini ushauri wake umekuja mapema mno. Kampuni ikishasajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, huwa ni mtu mwingine kisheria, na mtu huyo ana majukumu yake mwenyewe: taarifa za kila mwaka zinazopelekwa BRELA, hesabu zinazoandaliwa na mhasibu aliyesajiliwa, na kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Biashara ya magunia machache ya mchele haiwezi kubeba gharama hizo. Kinga ambayo kampuni humpa mmiliki dhidi ya madeni nayo ni ndogo kwa mtu wa hali yako, kwa sababu mkopeshaji yeyote atakutaka uweke dhamana yako binafsi. Unachohitaji ni TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) huitoa bure ukiwa na namba yako ya NIDA, na leseni ya biashara kutoka Manispaa. Ukipenda kuuza kwa jina lingine lisilo lako, utasajili jina la biashara BRELA kwa njia ya mtandao, jambo ambalo ni rahisi na lina gharama ndogo kuliko kampuni. Kampuni inaweza kusubiri siku utakapopata mshirika wa kweli au zabuni inayoihitaji.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi huamini kwamba mtaji ni fedha walizonazo siku ya kuanza. Mtaji unaokulisha ni ule tu unaozunguka: fedha inayogeuka mchele, mchele unaogeuka fedha, kisha fedha inayorudi kununua mchele mwingine. Kila shilingi unayoiweka kwenye rangi, bango au kilemba imeondoka kwenye mzunguko huo na haitarudi kwa kuuza, hata ukiuza vizuri namna gani. Ukijumlisha kodi ya miezi sita ambayo ni 480,000, kilemba 500,000, kazi ya fundi 400,000 na mizani 150,000, unapata shilingi 1,530,000. Kitakachobaki kununulia mchele ni 970,000, yaani magunia manne na nusu hivi ya kilo 100, na hujaweka akiba yoyote ya nyumbani. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi tano ulizonazo, tatu zingekuwa zimetumika kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Tuangalie gunia moja linakupa nini. Limekufikia kwa shilingi 210,000. Ukiliuza kwa kilo moja moja na nusu kilo, hutapata kilo 100. Kuna vumbi, kuna punje zinazomwagika, na kuna kile kidogo unachoongeza ili mteja aone mizani imelala upande wake. Tuseme utauza kilo 98 kwa shilingi 2,400, upate 235,200. Faida ghafi ya gunia ni shilingi 25,200. Tafadhali iandike namba hiyo mahali utakapoiona kila siku, maana kila uamuzi wa duka lako unapaswa kupimwa kwayo. Kutokana nayo utalipa kodi ya pango 80,000, umeme kama 15,000, ulinzi na taka 20,000, mifuko na vocha 15,000, na nauli pamoja na chakula chako cha mchana, ambavyo hata kwa shilingi 3,000 tu kwa siku hufika 78,000 kwa siku 26 za kazi. Jumla ni 208,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 25,200 utaona kwamba magunia manane na robo yanauzwa kila mwezi ili mlango ubaki wazi tu, wewe mwenyewe hujapata hata senti. Ukitaka ujilipe 250,000 kwa mwezi, unahitaji kuuza magunia kumi na nane na kidogo, sawa na karibu kilo 70 kila siku ya kazi. Familia inayonunua kilo moja na nusu kwa siku ni mteja mzuri. Unahitaji familia zipatazo 45 za namna hiyo, zinazokuja kwako kila siku na haziendi kwa jirani.

Je, jambo hilo linawezekana kwa magunia manne na nusu? Linawezekana, endapo mzigo wote utauzwa na kununuliwa upya mara nne kwa mwezi, yaani kila baada ya siku sita au saba, na endapo kila mteja atalipa taslimu. Sharti hili la mwisho ndilo linaloyaangusha maduka ya nafaka ya mtaani kuliko kitu kingine chochote. Theluthi moja ya mzigo wako ikiingia kwenye daftari la madeni hadi mwisho wa mwezi, unabaki na magunia matatu ya kuzungusha, na sasa lazima uyauze na kuyanunua mara sita kwa mwezi ili upate kipato kilekile. Na mteja asipolipa kabisa, fikiria ukubwa wa pengo hilo: gharama ya gunia ni 210,000, faida ni 25,200, hivyo gunia moja lililopotea kwenye madeni hulipwa na faida ya magunia mengine zaidi ya manane. Sikuambii ukatae kumkopesha kila mtu, kwa sababu ninajua mtaa unavyoishi na ninajua kwamba mwalimu anayelipa tarehe 28 bila kukosa ni mteja wa kuheshimiwa. Nakushauri uweke kiwango cha jumla ya madeni yote, tuseme thamani ya gunia moja, na kikifika hapo hakuna deni jipya hata kwa ndugu mpaka la zamani lilipwe.

Jambo la karibu na hilo ni chakula cha nyumbani. Mama anayeuza mchele hawezi kununua mchele kwingine, na watoto watakula kutoka dukani. Kilo mbili kwa siku, kwa bei yako ya kununulia, ni shilingi 126,000 kwa mwezi, ambayo ni faida ya magunia matano mazima. Usiwanyime watoto, ila kipime, kiandike, na ukitoe kwenye malipo yako ya mwezi. Watu husema fulani amekula mtaji wakidhani alifanya anasa. Mara nyingi alikuwa anakula wali tu, bila kuandika.

Kuhusu mkopo, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa kuwa madhara yake ni makubwa. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi kwa 1,500,000 ni 150,000 kila mwezi, na kwa miezi mitatu utarejesha 1,950,000, yaani 650,000 kwa mwezi. Zingatia kwamba riba inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo ilhali wewe unaupunguza kila mwezi: mwezi wa kwanza unashikilia 1,500,000, wa pili 1,000,000, wa tatu 500,000. Kwa wastani umekaa na milioni moja tu, na unailipia 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo riba halisi inakaribia asilimia 15 kwa mwezi na siyo 10 uliyotajiwa. Mwezi mmoja wa riba hiyo unameza faida ya magunia sita. Zaidi ya hapo, mkopo husaidia pale tu ambapo unapoteza wateja kwa kukosa mzigo. Wewe bado hujui kama wateja wapo. Duka lililojaa mchele usiouzika lina hali mbaya kuliko duka lenye magunia manne yanayoisha kila wiki, kwa sababu la kwanza linadaiwa.

Ikiwa mkopeshaji huyo ni miongoni mwa wale ambao watu wanaiita mikopo yao kausha damu, kuna dalili za kumtambua: anataka kadi yako ya benki na namba ya siri, anakusainisha karatasi yenye nafasi tupu, anakataa kukupa nakala ya mkataba, au anataka hati ya nyumba kwa mkopo mdogo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa aina hii wawe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Una haki ya kuomba kuiona leseni hiyo, na mtu asiyetaka kukuonyesha amekwisha kukujibu.

Hii haimaanishi kwamba mkopo wowote ni mbaya. Kikoba chako kikianza mzunguko mpya, mkopo wake utakuwa wa bei nafuu na riba yake itarudi kwenu wanachama. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na kwa wanawake hutolewa kupitia vikundi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako ndiye mlango wake. Ni njia ya polepole, na utawajibika pamoja na wenzako wa kikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa uangalifu uleule uliowachagulia wa kikoba. Ichukulie kama fedha ya kukuzia biashara iliyokwisha kusimama.

Sasa nikueleze ambacho ningekifanya kwa fedha zako. Ningeanza na mchele bila fremu. Wewe ni mpishi wa shule. Unawajua mama lishe, unawajua wapishi wenzako, majirani wanakuamini kwa jambo la wali kuliko watakavyoliamini bango la laki moja. Huo ni mtaji ambao hukuujumlisha. Chukua oda za kilo 10 na 25 kwa kaya zinazopokea mshahara mwisho wa mwezi na kwa mama lishe, uza kwa shilingi 2,300 badala ya 2,400, na upeleke hadi mlangoni kwa bodaboda. Kwa kuwa unapima mara chache, upotevu utakuwa mdogo. Tuseme kilo 99 zinauzwa na kukupa 227,700. Toa gharama ya gunia, toa 3,000 za bodaboda, unabaki na 14,700. Ni pungufu ya faida ya dukani, ni kweli, lakini gharama zako za mwezi zitakuwa kama 40,000 tu, za simu, mifuko na mizunguko, na magunia matatu yanatosha kuzifuta.

Kwa mpango huo, katika 2,500,000 ungetoa 150,000 za mizani, 100,000 za chaga na mifuko, ukaweka kando 500,000 za nyumbani ambazo hazigusi biashara kwa namna yoyote, na ukabaki na 1,750,000 zinazozunguka, takribani magunia manane. Ukiuza magunia 12 kwa mwezi utapata kama 136,000. Sitakuficha: kiasi hicho hakilingani na mshahara, na kama nyumba yote inakutegemea wewe peke yako, usiache kupokea kazi ya upishi ya sherehe au ya likizo katika kipindi hicho. Thamani ya miezi hiyo miwili au mitatu iko kwenye kujua. Utajua ni kilo ngapi mtaa wako unanunua kweli kwa wiki, nani analipa, nani anazungusha, na ni mchele upi unaorudiwa. Na ukigundua kwamba biashara haiko, utaondoka ukiwa na sehemu kubwa ya fedha zako mkononi, jambo ambalo mwenye kilemba kilicholipwa hawezi kulifanya. Kwa kuwa mkataba wako unaisha mwezi wa sita, jitahidi kuanza oda hizi sasa, jioni na siku za mapumziko, ukiwa bado unapokea mshahara.

Tahadhari moja kuhusu shule. Utashawishika kuomba kuiuzia shule unayofanyia kazi, na oda yake itakuwa kubwa kuliko zote. Shule nyingi hulipa baada ya ada kuingia. Magunia matano yaliyokaa wiki sita bila kulipwa yatasimamisha mzunguko wako wote, hata kama mwishowe watalipa hadi shilingi ya mwisho. Ukubali kwa malipo ya nusu kabla ya kupeleka, au uache kwanza.

Kodi ni eneo ambalo wauzaji wa nafaka huumia bila kuelewa kwa nini, kwa hiyo nisome taratibu. Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida hutozwa kwa kuangalia mauzo yake. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari safi analipa 60,000 badala ya 100,000. Lakini wewe hutakuwa huko. Magunia 18 kwa mwezi ni mauzo ya karibu milioni 51 kwa mwaka, na mauzo yakivuka milioni 11 kiwango hufika asilimia 3.5. Kwa muuza nguo anayepata nusu kwa nusu, asilimia 3.5 ya mauzo ni ndogo. Kwako, ambaye kwenye gunia la 235,200 unapata 25,200, asilimia hiyo ni shilingi 8,200 hivi, yaani theluthi nzima ya faida ghafi. Na kwenye mauzo ya oda inazidi nusu.

Kwa hali hiyo sheria imeacha mlango. Mtu binafsi anaweza kuchagua kutotumia utaratibu huo wa mauzo na kutozwa kwa faida halisi, mradi awe na hesabu kamili. Mkazi hatozwi kodi ya mapato kwa kipato kisichozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka, na faida ya 250,000 kwa mwezi ni 3,000,000. Unaona tofauti iliyopo kati ya njia hizo mbili kwa biashara ileile. Kuandaa hesabu hizo kuna gharama ya mhasibu, kwa hiyo uliza bei yake kabla ya kuamua. Ndiyo maana nasisitiza daftari tangu oda ya kwanza: tarehe, kilo zilizonunuliwa na bei yake, kilo zilizouzwa na bei yake, gharama, na risiti zote kwenye bahasha moja ya kila mwezi. Nenda ofisi ya TRA wakati unachukua TIN, kabla hujafanyiwa makadirio, uwaeleze kwamba unauza nafaka kwa faida nyembamba na uulize utaratibu wa kutozwa kwa faida unafuata hatua zipi na viwango vilivyopo mwaka huu. Ofisi ya Manispaa nayo iulize kuhusu leseni hata kwa kipindi cha oda, ili usije ukaanza kwa kujificha. Na siku utakapopanga fremu, kumbuka kwamba mpangaji anayefanya biashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Liandikwe kwenye mkataba, la sivyo litakuwa ugomvi.

Kuhusu mchele wenyewe wewe ni mjuzi kuliko mimi, lakini niyataje machache ya upande wa biashara. Nunua kwa kilo zilizopimwa mbele yako, usinunue kwa gunia la kukadiria. Mchele mpya wa mavuno ya mwezi wa tano hadi wa saba hunyonya maji kidogo na hushikamana, ilhali uliokaa huongezeka sufuriani, na mama lishe hulijua hilo vizuri. Atakulipa zaidi kwa mchele unaojaza sahani nyingi. Ukisafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hutakiwi kulipa ushuru wa mazao, kwa hiyo tunza karatasi ya manunuzi inayoonyesha uzito. Mizani yako ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na uhakiki huo hurudiwa kila mwaka. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, katika chumba kikavu. Mahindi na unga wa dona yaache kwa sasa, kwa sababu mahindi yasiyokauka vizuri hushambuliwa na fukusi na kuota sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na huwezi kuitambua kwa macho.

Utasikia pia kwamba ununue mchele mwingi wakati wa mavuno, uufungie hadi bei ipande mwanzoni mwa mwaka. Wapo wanaofanikiwa hivyo, na ni watu wenye fedha zisizohitajika kwa miezi sita. Wewe ukifungia magunia manane umefungia biashara nzima, na bei isipopanda huna cha kuzungusha wala cha kula.

Mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa maandishi yangu ni haya. Mkataba wa fremu na hicho kilemba vinahitaji mtu wa sheria au angalau ofisi ya serikali ya mtaa, ili kuthibitisha kwamba anayejiita mwenye nyumba ndiye mmiliki, na kwamba anafahamu unachomlipa mpangaji anayetoka. Kilemba hakirudishwi, na ukifukuzwa mara miezi sita ya kodi ikiisha utakuwa umekilipa kwa miezi hiyo sita tu. Mkopo wowote unaogusa hati, kadi ya benki au mshahara wa mume, usisaini kabla ya kumwona mwanasheria. Kwa hesabu na mafunzo, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iko hapo Morogoro, na Afisa Biashara wa Manispaa yupo kwa kazi hiyo. Nenda na daftari lako, siyo na wazo tu. Watakushauri kwa undani zaidi.

Kwa mwenye nyumba, mjibu wiki hii kwa heshima kwamba unaihitaji fremu kuanzia mwezi wa nane, kwa kodi ya miezi mitatu mitatu na bila kilemba. Wakati huohuo mtafute mpangaji anayetoka na umuulize kwa utulivu kwa nini anaondoka, kisha kaa karibu na fremu hiyo asubuhi moja na jioni moja, siku ya kazi na siku ya Jumapili, uhesabu watu wanaopita wakiwa na mifuko ya sokoni na maduka ya nafaka yaliyopo ndani ya mwendo wa dakika tano. Akikataa masharti yako, tafuta nyingine ifikapo mwezi huo. Kufikia hapo utakuwa na mauzo ya wiki kadhaa kwenye daftari, na kwa kugawanya gharama za fremu yoyote utakayoonyeshwa kwa faida yako halisi ya gunia, utajua kabla ya kulipa ni magunia mangapi yanatakiwa kuuzwa hapo kila mwezi na kama wateja ulionao wanayafikia.